Kumuaga Mkurugenzi Aliyesema Nyumba Hii Haifungwi

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha kazi zako nyingi ukaja kukaa nasi kwenye viti hivi vinavyolia kila mtu akijigeuza. Mwenyekiti wa Bodi ya ukumbi na wajumbe wako. Mkurugenzi wetu tunayekuaga leo, pamoja na shemeji yetu mama watoto. Ndugu wageni waalikwa. Waigizaji, wapiga ngoma, mafundi na wenzangu wote wa nyuma ya pazia. Na ninyi majirani mliokuwa mnapita tu njiani, mkasikia kuna soda, mkaingia: hamjambo? Na mliowaacha nyumbani hawajambo?

Nauliza kwa dhati, siulizi kwa sababu nimeshikishwa kipaza sauti. Mheshimiwa, nilikuona ukipanda ile ngazi ya tatu ya jukwaa, mguu ukazama kidogo. Hukuumia? Kama hukuumia tumshukuru Mungu, maana ngazi hiyo imeshaangusha wafalme wawili na malaika mmoja, na wote walikuwa wanajua ilipooza. Shemeji, presha imetulia? Mwenyekiti, yule mjukuu ameanza kutembea? Basi ashukuriwe Mungu. Mimi pia sijambo, ila magoti, na magoti ni ya umri, hayana wa kulaumiwa.

Wengi wenu hamnijui kwa sura, na hilo si kosa lenu. Wanaonijua wananiita Mama Pembeni, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili nimekaa pale, upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya pazia, juu ya kigoda, daftari la mchezo mapajani na tochi mkononi. Kazi yangu ni kukumbusha. Mwigizaji akisahau maneno yake namnong'oneza, yeye anaendelea, na ninyi mnapiga makofi mkisema jamani yule mtu ana kichwa. Shule niliishia darasa la saba. Lakini kufuata mstari kwa kidole najua, na kunong'ona mpaka mtu wa hatua nne asikie na wa hatua tano asisikie, hilo Mwenyezi Mungu amenijalia bila cheti.

Ndiyo maana nimechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wafanyakazi. Afisa utawala aliniambia bila kuzunguka: "Mama Pembeni, tumekuteua wewe kwa sababu huna maneno." Akanipa hotuba iliyokwisha kupigwa chapa, kurasa mbili, nisome dakika tano nishuke. Nimeisoma nyumbani mara mbili. Ni hotuba nzuri sana. Inamwita Mkurugenzi nguzo, taa, mwamba na, ukifika ukurasa wa pili, mvua ya neema. Kandokando kuna masahihisho ya kalamu ya bluu. Pale palipoandikwa "kiongozi mzuri" pamekatwa pakaandikwa "kiongozi wa kipekee". Mwandiko huo naujua, nimeufuata kwa kidole miaka kumi na mmoja. Ni wa Mkurugenzi mwenyewe. Nikasema moyoni, mtu aliyekwisha kujisifu vizuri namna hii, mimi nimwongezee nini? Hotuba ile nimeiacha nyumbani, mahali pakavu, na hii ninayosoma nimeiandika kwa mkono wangu baada ya sala, mume wangu akinisahihisha herufi. Yakionekana mapungufu ni yetu wawili.

Na niwaambie mapema nilichokuja kuomba, msije mkakaa mkijiuliza mama huyu anatupeleka wapi. Jumatatu, yaani keshokutwa, saa tatu asubuhi, lori linakuja kuchukua viti mnavyokalia. Kuna barua. Barua haisemi ukumbi unafungwa, inasema "unabadilishiwa matumizi", utakuwa ofisi na chumba cha mikutano. Sisi tunaofanya kazi humu, watu kumi na tisa, tuliandika barua yetu kuomba jambo hilo lisimamishwe. Leo ni siku ya ishirini na tatu, hatujajibiwa ndiyo wala hapana. Nitarudi hapo. Lakini kwanza nimsifu Mkurugenzi, maana ndilo nililoitiwa, na mtu mwenye adabu haingii kwenye sherehe ya watu akaanza na haja yake.

Mkurugenzi alikuja hapa miaka kumi na mmoja iliyopita. Siku ya kwanza tulijipanga mlangoni tumevaa vizuri. Akatushika mikono, akauliza ofisi yake iko wapi, akaonyeshwa. Akauliza gari litalala wapi, akaonyeshwa. Jukwaa alilifikia wiki ya tatu, na alilifikia kwa kupotea, alikuwa anatafuta choo. Simsemi vibaya. Walikuwepo waliomtangulia ambao hawakupotea hata mara moja.

Neno "ustahimilivu" tulilisikia kwake kwa mara ya kwanza. Kabla yake sisi tulikuwa tunavumilia tu, kishamba, bila kujua kuwa ni somo na lina wataalamu. Mwaka wake wa pili paa lilianza kuvuja. Tukamwandikia. Akatuita, akatusikiliza kwa uso wa huruma, akasema changamoto hii ni fursa. Wiki hiyohiyo akaitwa kwenye semina ya siku tatu ya uongozi na ustahimilivu katika sekta ya sanaa, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Msiseme alitutupa, ndugu zangu. Siku hizo tatu mvua ilinyesha, na sisi pia tulikuwa na bwawa letu, palepale katikati ya jukwaa.

Na mchezo haukuahirishwa. Mwigizaji wetu mkuu, huyu aliyekaa pale na kofia mapajani, tunamwita Sultani kwa sababu miaka thelathini hajawahi kupewa nafasi ya kuigiza mtu mwenye njaa, ingawa kwa kuwa na njaa ana uzoefu. Taji lake ni debe la mafuta ya kupikia, limekatwa na kupakwa rangi. Alasiri ile ameketi kwenye kiti cha enzi, tone likamwangukia kwenye taji: ti! La pili: ti! Watu wakaanza kucheka. Mimi kule pembeni nikapekua daftari, hakuna neno la mvua mahali popote. Nikamwangalia, naye akaniangalia, akajua leo sina cha kumpa. Akainua mkono polepole, akamwambia askari wake, "Mbingu nazo zimeleta kodi. Ipokeeni." Askari akaja na ndoo, akapiga goti, akaikinga juu ya kichwa cha mfalme mpaka pazia likafungwa. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Mkurugenzi aliporudi alituletea zawadi. Begi la kitambaa lenye maandishi ya semina, "Ustahimilivu Huanza na Wewe". Akampa fundi wetu wa jukwaa, tunayemwita Msumari. Msumari akapanda darini, akalikunja begi lile mara nne, akaziba tundu la juu ya safu ya sita. Likazuia maji miezi minne. Kwa hiyo asije mtu akasimama hapa akasema semina zile hazikutusaidia kitu.

Nikishafika kwa Msumari, Mheshimiwa, naomba nikae naye kidogo. Ukumbi huu una viti mia mbili na kumi na vinne. Msumari anavijua kimoja kimoja kama mama anavyojua watoto, kipi kinabana vidole, kipi kimefungwa kwa skrubu ya mlango, kipi miguu yake ilikuwa ya kitanda cha mgonjwa katika mchezo wa mwaka gani. Wewe, Mheshimiwa, umekaa juu ya kipande cha jahazi la wakoloni. Usiogope, kimeshikwa vizuri. Mtu huyu hajawahi kuitwa kwenye semina yoyote. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda amesimama kule mlangoni kwa sababu viti vimejaa wageni.

Sasa nije kwenye jambo lililomfanya Mkurugenzi ajulikane nchi nzima, na ambalo, nasikia, ndilo lililompatia cheo kipya anachokwenda kukikalia. Jambo hilo wote mnalijua kwa kulisoma magazetini. Mimi nalijua kutoka kwenye kigoda.

Mkurugenzi hapendi kusoma karatasi mbele za watu. Alifundishwa kuwa kiongozi anayesoma karatasi haaminiki, asemaye kutoka moyoni ndiye anayefuatwa. Lakini kukariri napo ni kazi, na mkuu ana mambo mengi. Basi tangu mwaka wake wa kwanza, akawa kila akihutubia jukwaani mimi nakaa pembeni na hotuba yake, kama ninavyokaa kwa waigizaji. Tulikuwa na ishara yetu. Akinyamaza huku ametazama mbele, ni kituo, anawapa watu nafasi ya kufikiri, nisiingilie. Akinyamaza akagusa tai, amesahau, nimpe neno. Shemeji, samahani, ulikuwa unafikiri anapenda sana tai zile ulizomnunulia. Anazipenda, lakini kwa sababu zake.

Mnaona ajabu? Mimi sikuona ajabu. Mtu kusahau si dhambi, na kumkumbusha aliyesahau ni thawabu. Nimemkumbusha majina ya mawaziri, nimemkumbusha mwaka wa kujengwa ukumbi, na siku moja nimemkumbusha jina la mchezo uliokuwa unaanza nyuma yake.

Sasa, miaka minne iliyopita, Bodi iliamua ukumbi huu ufungwe. Mwenyekiti, ulikuwepo, utanisahihisha nikikosea. Uamuzi ukapita, na Mkurugenzi akapewa kazi ya kuutangaza. Ikapangwa autangaze Jumamosi alasiri, mbele ya watazamaji, kabla ya mchezo wa mwisho kuanza, watu wa magazeti wakiwemo, ili ionekane tumeagana kwa amani. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mjane ambaye mashemeji zake wanataka kumtoa nyumbani baada ya mumewe kufariki, naye anakataa kutoka.

Mkurugenzi akaniletea tangazo lake pembeni, karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, kwa ile kalamu ya bluu. Nikazisoma pale pale na moyo ukanianguka. Nikamwambia, mkuu, kwani hakuna njia nyingine? Akanishika bega, akaniambia kwa upole kwamba imani yangu na iwe kubwa, Mungu akifunga mlango hufungua dirisha. Nikamjibu kuwa Mungu namjua, anayefunga huu mlango ni Bodi. Akanyoosha tai, akapanda.

Nikaziweka zile karatasi mbili juu ya daftari la mchezo, daftari liko wazi kwenye ukurasa wa mjane. Mkurugenzi akaanza vizuri. Akasalimia, akashukuru, akasifu historia. Na nje, ndugu zangu, mvua ikaanza. Lile begi la semina lilikuwa limeoza zamani, na paa lilikuwa limeongeza matundu mengine bila kuomba idhini ya mtu. Tone la kwanza likaniangukia mkononi. La pili likaanguka kwenye karatasi. La tatu, la nne. Nilipopangusa kwa kitenge changu nikafanya vibaya zaidi. Wino ukatawanyika, "Bodi imeamua" ikawa ziwa la bluu, na chini ya hapo sikuona hata herufi moja.

Na hapo ndipo Mkurugenzi akanyamaza.

Nikamtazama. Nikaomba kimoyomoyo kiwe kituo. Akagusa tai.

Akagusa tai mara ya pili, safari hii kwa vidole viwili, na mimi nilijua maana yake, ni mtu anayezama. Mimi ni mkumbushaji. Miaka yote hiyo mtu akizama mdomo wangu hufunguka wenyewe, kama mama anayenyoosha mkono mtoto akijikwaa, hangoji kufikiri. Nikaitoa ile karatasi iliyolowa, na chini yake, kwenye daftari, likawepo neno la kwanza linalosomeka, la mjane kwa mashemeji zake. Nikalinong'ona.

"Nyumba hii haifungwi. Anayetaka kuifunga aanze kunitoa mimi."

Naye akalisema. Alilisema vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kwa sauti nzito, kifua mbele, macho kwa Bodi. Alikuwa amezoea kunipokea bila kunionja.

Ndugu wageni waalikwa, mlikuwepo wengine wenu. Mnakumbuka palivyokuwa? Mzee mmoja wa safu ya nyuma akapiga kofi, na ukumbi mzima ukasimama. Wapiga ngoma hawakungoja kuambiwa. Mkurugenzi akageuza kichwa kidogo kunitazama, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa uso wa mtu aliyeona gari lake linatelemka mlimani na yeye hayumo ndani. Kisha kwa woga akagusa tai tena.

Hapa ndipo ninapoungama, na sijawahi kuungama mbele za watu. Neno la kwanza lilikuwa kosa. Nitaapa hivyo hata siku ya hukumu. Lakini alipogusa tai mara ile ya tatu, nilikuwa nimeshajua ninafanya nini. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia "asanteni sana, mchezo unaanza". Nilitazama daftari, nikachukua mstari wa pili wa mjane, nikampa kwa kukusudia.

"Niliingia humu kwa miguu yangu. Nitatoka humu nimebebwa."

Akalisema nalo.

Kwa neno hilo la pili nimeomba msamaha kwa Mungu mara nyingi. Nimeomba nikiwa nimepiga magoti haya haya yanayoniuma. Lakini niwaambie ukweli, kila nikimaliza kuomba nasikiliza moyoni kama kuna majuto, na sijawahi kuyasikia.

Mnayajua yaliyofuata. Magazeti yaliandika "Mkurugenzi Aigomea Bodi". Watu wakapanga foleni barabarani kuja kutazama mchezo wa mjane, ukachezwa miezi mitatu. Bodi ikakutana tena na ikagundua kwamba kumbe haikuwa imeamua vizuri. Mkurugenzi akapewa cheti cha uongozi na ustahimilivu, kikawekwa kwenye fremu, kikatundikwa ofisini kwake kwenye ukuta ule mmoja usiolowa. Akaalikwa kwenye mikutano kuwafundisha viongozi wengine jinsi ya kusimama imara. Wenzangu waliokwenda naye wanasema alikuwa anafundisha vizuri, ila huko alikuwa anasoma karatasi.

Mtauliza, je, mkuu alikushukuru? Kesho yake aliniita ofisini. Nikaenda nimevaa ushungi mpya. Alikuwa anapekua magazeti, hakuinua macho.

"Mama Pembeni, jana ulikosea ukurasa."

"Ndiyo, mkuu."

"Usikosee tena."

"Sitakosea, mkuu."

Akafungua gazeti jingine. Ndiyo hayo tu tuliyowahi kuzungumza kuhusu jambo lile, mpaka leo hii nilipowahusisha ninyi.

Nisieleweke vibaya. Sidai cheti. Cheti chenyewe ningekitundika wapi, nyumbani kwangu nako ukuta mkavu ni mmoja na una kalenda. Tena nasema bila kejeli kabisa, miaka minne ile tuliyopata ilikuwa mema matupu. Tumecheza michezo kumi na mmoja. Sultani ameigiza wafalme sita zaidi. Binti wa jirani aliyekuwa anauza karanga mlangoni sasa ndiye mjane wetu, na tuna mchezo mpya ambao tumeufanyia mazoezi wiki tisa, unatakiwa kufunguliwa mwezi ujao. Yote haya yalisimama juu ya maneno mawili ya Mkurugenzi. Mtu akitoa neno mbele za watu, limeshakuwa lake, hata kama amelipata kwa jirani. Ahadi ni deni. Sisi tulimchukulia kuwa ameahidi.

Ndiyo maana ile barua ya kubadilisha matumizi ilipokuja, tulitafuta chini tujue ni nani huyo mpya asiyejua historia ya nyumba hii. Tukakuta sahihi. Ya bluu. Mkurugenzi anakwenda kuwa mkuu wa kumbi zote, na hii ndiyo barua ya kwanza aliyoitia sahihi kwa cheo chake kipya, kabla hata hajahamisha vitabu vyake. Sultani aliisoma, akaikunja, akasema, "Mwenzetu alisema atatoka humu amebebwa. Nimeona gari la ofisi mpya limekuja kumchukua. Kubebwa ni kubebwa." Tukacheka, maana ukiwa humu usipocheka utafanya nini? Lakini Msumari hakucheka. Msumari alikuwa amepewa karatasi yake peke yake, anatakiwa awepo Jumatatu saa mbili na spana zake, kwa sababu ndiye pekee anayejua viti vimefungwa kwa skrubu gani. Aliniambia hivi: "Dada, viti hivi nimevikumbatia mara nyingi kuliko mke wangu. Kama kuna wa kuvivunja, mbona wanichague mimi?" Sikuwa na neno la kumpa. Mimi, ambaye kutoa neno ndiyo kazi yangu.

Kwa hiyo tukaandika. Watu kumi na tisa, wengine waliweka sahihi, wengine dole gumba. Niliipeleka mwenyewe tarehe saba. Nikarudi wiki iliyofuata, karani akaniambia mkuu anaishughulikia. Nikarudi tena. Akaniambia mkuu ana shughuli nyingi za kuagwa. Mara ya mwisho ilikuwa juzi. Nikamwuliza, mwanangu, niambie tu barua iko wapi, nami nitaacha kukusumbua. Mtoto wa watu hawezi kusema uongo, akanyoosha kidole. Iko mezani, chini ya kadi za mwaliko wa sherehe hii.

Mkurugenzi, sasa nageuka kwako, na naomba uniwie radhi kwa kuwa sijawahi kuzungumza nawe ukiwa umekaa na mimi nimesimama. Najua umekasirika, naona mkono wako ulipo. Usidhani nimekuja kukuaibisha. Ningetaka kukuaibisha, kwa miaka kumi na mmoja nilihitaji kunyamaza mara moja tu, siku moja, ukiwa umeshika tai mbele ya watu. Sikunyamaza. Nilikutunza kama nilivyowatunza wote waliopanda hapa, kwa sababu aliyesimama kwenye mwanga hajui ana upweke kiasi gani, sisi wa gizani ndio tunaomwona.

Ratiba inasema baada yangu unazungumza wewe. Kama nia yako ni kufunga, sema kufunga. Lisemee hapa, uwatazame Msumari na Sultani na huyu binti, usiliachie lori liseme kwa niaba yako. Watu hawa wameshaloweshwa na mvua, wameshazomewa, wameshacheza mbele ya viti vitupu kama vile vimejaa, hawatakufa kwa kusikia neno. Na kama nia yako si kufunga, sahihi iliyotiwa kwa kalamu hufutwa kwa kalamu hiyohiyo, nayo naiona iko mfukoni mwako. Mheshimiwa mgeni rasmi yupo hapa, atakuwa shahidi wa lolote utakalochagua.

Kigoda changu nimekitoa pale pembeni asubuhi. Mimi nakwenda kukaa safu ya pili, karibu na mume wangu, nisikilize kama watu wengine.

Mheshimiwa, Mwenyekiti, shemeji na ninyi nyote, ahsanteni kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho, Mungu awarudishe majumbani salama. Mkurugenzi, barua yetu ya tarehe saba tunaomba uijibu leo. Ikishindikana leo, basi kesho Jumapili isipite, maana Jumatatu saa mbili Msumari ameitwa, na saa tatu lori linafika.